Chembe ya Joto Mwanzoni: Historia ya Kupima Modeli za Tabianchi kwa Kuitikisa Hewa

Modeli ya tabianchi ni programu ya kompyuta inayofuata sheria za fizikia ili kukokotoa jinsi upepo, joto, mvuke, mawingu na bahari vinavyobadilika hatua kwa hatua, kwa miaka au hata karne nzima. Kabla ya kuanza kazi lazima ipewe hali ya mwanzo, yaani joto, mgandamizo, upepo na unyevu wa hewa katika kila sehemu ya dunia kwa saa fulani. Njia mojawapo ya kuipima ni kuiendesha mara nyingi. Kila mara hali hiyo ya mwanzo hubadilishwa kwa kiasi kidogo kisichoweza kuhisiwa na kipimajoto chochote, na mengine yote huachwa kama yalivyo. Tofauti zinazojitokeza baada ya hapo hazitokani na gesi ya ukaa, jua wala volkano, bali na hewa yenyewe. Kipimo hiki kilianza kama habari mbaya kwa watabiri wa hali ya hewa, na ilichukua miaka mingi hadi kikawa nyenzo ambayo utafiti wa tabianchi hauwezi kufanyika bila hiyo.

Mwaka 1904 mwanafizikia wa Norway, Vilhelm Bjerknes, aliandika kwamba utabiri wa hali ya hewa unahitaji mambo mawili: kuijua hali ya hewa ya sasa kwa usahihi wa kutosha, na kuzijua kwa usahihi wa kutosha sheria zinazoibadilisha. Maneno "usahihi wa kutosha" yalibeba tatizo zima, ingawa wakati huo wachache waliliona. Miaka minne baadaye mwanahisabati Mfaransa Henri Poincaré alieleza katika kitabu chake kuhusu sayansi na mbinu kwamba sehemu ya kumi ya nyuzi moja ya joto, ikizidi au kupungua mahali fulani, yaweza kuamua kimbunga kipige nchi ipi na kiiache nchi ipi. Poincaré alikuwa amelifikia wazo hilo kwa kuchunguza mwendo wa sayari, na halikuwa na mtu wa kulijaribu kwenye hewa. Hesabu za hewa zilikuwa nyingi mno kwa mkono wa binadamu.

Hata hivyo, Mwingereza Lewis Fry Richardson alijaribu. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alikuwa nchini Ufaransa akiendesha gari la kubebea majeruhi, na huko alikokotoa kwa kalamu na karatasi jinsi mgandamizo wa hewa wa Ulaya ya kati ungebadilika kwa saa sita tarehe 20 Mei 1910. Jibu lake lilikuwa ongezeko la milibari 145, kiasi ambacho hata kimbunga kikali hakikibadilishi kwa muda huo. Siku yenyewe kipimo cha mgandamizo kilikuwa karibu kimetulia. Richardson alilichapisha jibu hilo mwaka 1922 bila kulificha, na kwa uaminifu huo anastahili heshima. Milinganyo aliyotumia ilikuwa sahihi kimsingi. Kilichomwangusha ni namba za kuanzia: upepo na mgandamizo uliopimwa havikuwiana, na kutowiana huko kulizaa mawimbi makubwa ambayo hewa halisi haikuwa nayo.

Kompyuta zilipokuja, matumaini yalirudi. Mwaka 1950 kundi la Jule Charney, Ragnar Fjørtoft na John von Neumann lilitumia kompyuta ya ENIAC, iliyokuwa Aberdeen, Maryland, kutoa utabiri wa kwanza wa kompyuta. Utabiri wa saa 24 ulichukua karibu saa 24 kukokotolewa, lakini ramani zilizotoka zilifanana na hewa halisi. Miaka michache baadaye Norman Phillips, aliyekuwa Princeton, alichukua hatua kubwa zaidi. Badala ya kutabiri kesho, aliuliza kama milinganyo peke yake, ikipewa joto la jua tu, ingeweza kuzaa hewa inayofanana na ya dunia. Kazi yake iliyochapishwa 1956 inahesabiwa kuwa mzazi wa modeli zote za tabianchi zilizofuata. Hewa yake ya kubuni ilianza ikiwa imetulia kabisa, na joto likajenga upepo ulionyooka kutoka magharibi kwenda mashariki bila mkunjo wowote. Upepo huo ungeendelea hivyo milele kama Phillips asingeuvuruga, kwa hiyo akaongeza namba ndogo zilizochaguliwa kwa bahati nasibu. Kutokana na mvurugo huo zikazaliwa tufani, mapande ya hewa ya joto na baridi, na mkondo wa upepo wa juu, vyote katika mpangilio unaofahamika. Basi modeli ya kwanza ya mzunguko wa hewa ilihitaji kutikiswa ili iwe na uhai. Ila Phillips hakujaribu kuitikisa mara ya pili kwa namba tofauti ili aone kama ingefika kwingine.

Jaribio hilo lilifanywa na Edward Lorenz, bila kukusudia. Lorenz alizaliwa 1917 West Hartford, Connecticut, akasomea hisabati, na wakati wa Vita Kuu ya Pili aliwatabiria hali ya hewa marubani wa jeshi la Marekani. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alikuwa akifundisha katika Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, MIT, na ofisini mwake kulikuwa na kompyuta ya Royal McBee LGP-30. Ilikuwa na ukubwa wa meza ya kuandikia, ilipiga kelele muda wote, na kumbukumbu yake ilitosha namba 4,096 tu. Lorenz hakuwa akitafuta utabiri wa Boston. Alikuwa katika mjadala na wenzake walioamini kwamba takwimu za siku zilizopita, zikiunganishwa kwa fomula sahili, zingetabiri hewa sawasawa na milinganyo ya fizikia. Ili ajue ukweli alihitaji hewa ndogo ya kubuni ambayo haijirudii, na baada ya majaribio mengi akaipata katika milinganyo 12. Programu za kompyuta hiyo ziliandikwa na Margaret Hamilton, ambaye baadaye aliongoza utengenezaji wa programu za vyombo vya Apollo, na baada yake Ellen Fetter. Kwa muda mrefu majina ya wanawake hawa wawili yalibaki kwenye shukrani za mwisho wa makala, ilhali bila kazi yao mashine ile isingetoa hata mstari mmoja.

Siku moja mwaka 1961 Lorenz alitaka kuchunguza upya sehemu ya matokeo yaliyokwisha kuchapwa. Ili asipoteze muda hakuanza mwanzo kabisa, bali alichukua mstari mmoja wa katikati kwenye karatasi, akaiingizia mashine namba zile zile, akaiwasha na kwenda kunywa kahawa. Aliporudi baada ya kama saa moja, mashine ilikuwa imekwisha kukokotoa kiasi cha miezi miwili ya hali ya hewa, na namba mpya hazikufanana kabisa na za zamani. Alidhani mojawapo ya mirija ya kielektroniki ya mashine imechoka, jambo lililokuwa la kawaida siku hizo. Kabla ya kuita fundi aliziweka karatasi mbili sambamba na kufuata mstari kwa mstari. Mwanzoni namba zilikuwa sawa. Kisha tarakimu ya mwisho ikatofautiana kwa moja, halafu kwa kadhaa; tofauti ikaenea hadi tarakimu iliyotangulia, na kuendelea kukua maradufu karibu kila siku nne za hewa ile ya kubuni, hadi kufikia mwezi wa pili hapakuwa na ufanano wowote. Mashine haikuwa na ubovu. Ndani yake ilihifadhi namba zenye tarakimu sita, kama 0.506127, lakini kwenye karatasi ilichapa tatu tu, 0.506. Lorenz alikuwa ameingiza namba zilizokatwa, na upungufu huo wa chini ya sehemu moja kwa elfu ulitosha kuzaa hewa nyingine.

Alielewa mara moja uzito wa jambo hilo. Hakuna kituo cha hali ya hewa kinachopima upepo au joto kwa usahihi wa sehemu moja kwa elfu, na kati ya kituo kimoja na kingine kuna mamia ya kilomita zisizopimwa. Kama hewa halisi ina tabia ya hewa ile ya kubuni, basi utabiri wa kina wa miezi miwili mbele hautawezekana hata kompyuta ziwe na nguvu kiasi gani. Alilithibitisha wazo hilo katika makala ya 1963 kwa mfumo sahili zaidi wa milinganyo mitatu, uliotokana na kazi ya Barry Saltzman kuhusu kimiminika kinachopashwa joto kutoka chini. Wanahisabati waliigundua makala hiyo kama miaka kumi baadaye, na ikawa msingi wa taaluma nzima. Mfano wa kipepeo anayepiga mabawa Brazil na kusababisha kimbunga Texas ulitoka katika kichwa cha mhadhara wake wa Desemba 1972, kichwa ambacho mwenyewe hakukichagua. Alikiandikiwa na mwandalizi wa kikao, Philip Merilees. Umaarufu wa kipepeo huyo umefunika jambo lenye manufaa zaidi katika kazi ya Lorenz, yaani mbinu ya kuendesha modeli moja mara mbili kutoka mianzo miwili inayokaribiana na kupima tofauti inavyokua.

Mbinu hiyo haikukawia kuhamia kwenye modeli kubwa. Katikati ya miaka ya 1960 mataifa yalikuwa yakijadili mpango wa kuipima hewa ya dunia nzima kwa setilaiti, maboya na maputo, na kabla ya kutumia fedha nyingi hivyo kulikuwa na swali la haki: utabiri ungeweza kufika siku ngapi? Charney aliongoza kamati iliyotumia modeli tatu zilizokuwapo Marekani, ya Joseph Smagorinsky, ya Cecil Leith, na ya Yale Mintz na Akio Arakawa wa Los Angeles. Kila modeli iliendeshwa, kisha ikaendeshwa tena baada ya joto la mwanzo kubadilishwa kidogo. Katika modeli ya Mintz na Arakawa, iliyoonekana kuiga hewa vizuri zaidi, kosa lilikua maradufu kwa siku tano hivi. Kutokana na hilo ripoti ya 1966 ilitaja ukomo wa takriban wiki mbili. Modeli zilizofuata zilionyesha ukuaji wa haraka zaidi. Lorenz alipochambua mwaka 1982 utabiri uliotolewa kwa siku 100 na Kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa kilichoko Reading, Uingereza, alipata kwamba kosa dogo hukua maradufu kwa kama siku mbili na nusu. Modeli ilivyozidi kufanana na hewa halisi, ndivyo ilivyozidi kuguswa na badiliko dogo.

Hadi hapo swali lilikuwa la hali ya hewa ya siku chache. Swali la tabianchi lilionekana kuwa mbali, na hata leo wapo wanaouliza: ikiwa kompyuta haiwezi kutabiri mvua ya wiki tatu zijazo, itawezaje kusema lolote kuhusu mwaka 2080? Lorenz alijibu katika makala iliyotoka 1975 kwa kutenganisha aina mbili za utabiri. Aina ya kwanza hufuata hali ya mwanzo na kuuliza nini kitatukia siku gani. Utabiri huo una ukomo. Aina ya pili huuliza jinsi takwimu za hewa kwa jumla, wastani wake na mipaka ya kupanda na kushuka kwake, zitakavyobadilika endapo kitu cha nje kitabadilika, kama vile nguvu ya jua au kiasi cha gesi ya ukaa. Ni kama bao: kete moja ikihamishwa shimo jirani mwanzoni, mchezo wote utakwenda njia nyingine, na hakuna awezaye kusema ni shimo gani litakalokuwa tupu kwenye mkono wa ishirini, lakini kete zilizo mchezoni ni 64 zile zile na sheria ni zile zile. Ukiongeza kete kumi, kila mchezo utabadilika tabia, kwa namna inayoweza kujulikana.

Tofauti hiyo iliamua jinsi majaribio ya tabianchi yanavyopaswa kufanywa, ingawa haikufuatwa tangu mwanzo. Mapema katika miaka ya 1970 watafiti walianza kuuliza modeli maswali ya aina hii: sehemu ya bahari ya Pasifiki ya Kaskazini ikipata joto, hewa ya Marekani itakuwaje? Modeli iliendeshwa mara moja bahari ikiwa ya kawaida na mara moja bahari ikiwa imepashwa joto. Ramani moja ikatolewa kwenye nyingine, na kila doa lililobaki likasomwa kuwa ni kazi ya bahari. Kosa lilikuwa wazi kwa yeyote aliyekuwa amemsoma Lorenz. Modeli mbili zenye bahari ile ile, zikianza na hewa iliyotofautiana kwa chembe, nazo zingetoa ramani yenye madoa.

Robert Chervin na Stephen Schneider, wa Kituo cha Taifa cha Utafiti wa Angahewa huko Boulder, Colorado, walilishughulikia jambo hili kwa utaratibu mwaka 1976. Waliiendesha modeli ya kituo chao mara kadhaa bila kubadilisha bahari, jua wala kitu kingine cha nje, isipokuwa hali ya mwanzo ya hewa ambayo waliivuruga kwa namba za bahati nasibu. Kisha wakakokotoa, katika kila sehemu ya ramani, jinsi wastani wa mwezi ulivyotofautiana kutoka mrudio mmoja hadi mwingine. Mtawanyiko huo ulikuwa kipimo cha mchezo wa hewa yenyewe. Badiliko lililodaiwa kuletwa na bahari lilipaswa kuuzidi mtawanyiko huo kwa kiasi kikubwa ndipo likubaliwe. Chervin na Schneider pamoja na Warren Washington walipokitumia kipimo hicho kwa jaribio la Pasifiki ya Kaskazini, sehemu kubwa ya madoa ilitoweka. Badiliko lililosimama lilikuwa karibu na bahari iliyopashwa joto. Yale ya mbali, ambayo ndiyo yaliyovutia watu, hayakutofautika na vurugu za kawaida. Kazi hii haijulikani nje ya taaluma, na hilo ni la kusikitisha, kwa sababu ndiyo iliyougeuza udhaifu alioufichua Lorenz kuwa rula ya kupimia. Badiliko dogo la mwanzo lilikuwa limetumika kuonyesha kile ambacho modeli haiwezi kukijua. Sasa lilitumika kuonyesha ni lini modeli imesema jambo la kuaminika.

Watabiri wa kila siku nao walifika kwenye wazo la kundi la mirudio kwa njia yao. Edward Epstein alipendekeza mwaka 1969 kwamba utabiri ubebe kiasi cha mashaka ndani yake, na mwaka 1974 Leith akaonyesha kwamba hata mirudio michache, kama minane, kutoka mianzo tofauti kidogo ingetoa wastani ulio bora kuliko utabiri mmoja. Kompyuta za wakati huo hazikutosha. Usiku wa kuamkia tarehe 16 Oktoba 1987 dhoruba iliyotabiriwa vibaya ilipiga kusini mwa Uingereza, ikaua watu 18 nchini humo na kuangusha takriban miti milioni 15. Tim Palmer na wenzake wa Reading walipoirudia siku ile baadaye kwa mirudio mingi, ilidhihirika kwamba hewa ya siku hiyo ilikuwa tayari kwenda njia nyingi mno. Baadhi ya mirudio ilitoa dhoruba kali na mingine upepo mwepesi. Mwishoni mwa 1992 Kituo cha Ulaya na kituo cha taifa cha utabiri cha Marekani vilianza kutoa utabiri wa makundi. Reading walitafuta kwa hesabu mabadiliko ya mwanzo yatakayokua haraka kuliko mengine yote. Wamarekani, wakiongozwa na Zoltan Toth na Eugenia Kalnay, waliyaacha makosa yakue ndani ya modeli, wakayapunguza na kuyaacha yakue tena, hadi yakabaki yale yenye nguvu.

Afrika Mashariki imeyatumia matunda ya makundi haya kwa muda mrefu. Tangu 1998 wataalamu wa nchi za Pembe ya Afrika na Maziwa Makuu hukutana kabla ya kila msimu katika jukwaa linaloandaliwa na kituo cha kikanda kilichoko Kenya, ICPAC, na kutoa mwelekeo wa mvua. Mwelekeo huo husomwa kwa uwezekano wa aina tatu, mvua za juu ya wastani, za wastani na za chini ya wastani, na modeli zinazouchangia huendeshwa kwa makundi. Msikilizaji wa redio anayeambiwa kwamba mvua za vuli zina uwezekano mkubwa wa kuwa juu ya wastani anasikia, bila kutajiwa, mirudio ya modeli iliyoanza na hewa tofauti kidogo na ambayo mingi yake imeelekea upande mmoja. Ndiyo maana taarifa hiyo haiwezi kusema ni tarehe gani itanyesha wilayani Kilosa, na mtabiri anayekataa kuitaja anafanya kazi yake vizuri.

Matumizi mengine yalijitokeza katika vyumba vya mashine. Kituo cha utafiti kinaponunua kompyuta mpya, modeli ile ile hutoa namba zisizolingana na za kompyuta ya zamani, kwa kuwa kila mashine hukata tarakimu za mwisho kwa namna yake. James Rosinski na David Williamson, wa Boulder, walipendekeza mwaka 1997 kwamba tofauti kati ya mashine mbili ilinganishwe na tofauti inayozaliwa pale tarakimu za mwisho za hali ya mwanzo zinapobadilishwa kwenye mashine moja. Zikikua kwa kasi ile ile, mashine mpya haina kosa; tofauti ya mashine ikizidi, kuna hitilafu kwenye programu. Mwaka 2015 Allison Baker na wenzake waliliendeleza wazo hilo kwa kundi la mirudio 151 ya mwaka mmoja mmoja, ambalo takwimu zake huamua kama toleo jipya la modeli bado linatoa tabianchi ile ile. Ni kazi isiyo na sifa, na matokeo yote makubwa yanaitegemea.

Makubwa yenyewe yalianza kuonekana kuanzia 2012. Clara Deser na wenzake wa Boulder walichapisha mirudio 40 ya modeli moja kwa miaka ya 2000 hadi 2060. Bahari, barafu na ardhi vilianza sawa katika yote. Hewa pekee ndiyo iliyochukuliwa kutoka siku mbalimbali za Desemba 1999 na Januari 2000. Gesi zilizoongezwa zilikuwa zile zile katika kila mrudio. Baada ya miaka hiyo yote, baadhi ya mirudio ilionyesha maeneo ya Amerika Kaskazini yaliyopata joto kali wakati wa baridi, na mingine ikaonyesha maeneo hayo hayo yakiwa karibu hayajabadilika. Wengi walikuwa wameamini kwamba miaka 50 inatosha kuufuta mchezo wa hewa. Kwa bara moja au nchi moja, haitoshi.

Kundi lililofuata lilikuwa mashuhuri zaidi. Mradi ulioelezwa mwaka 2015 na Jennifer Kay, Deser na wenzao uliendesha modeli ya kituo cha Boulder kutoka 1920 hadi 2100, mara 30 mwanzoni na baadaye 40. Tarehe 1 Januari 1920 joto la hewa katika kila mrudio lilibadilishwa kwa kiasi cha sehemu moja kati ya trilioni 100 za nyuzi moja. Ni badiliko la tarakimu ya mwisho kabisa ambayo kompyuta inaweza kuishika. Baada ya wiki chache hewa za mirudio yote zilikuwa zimeachana. Wachunguzi walipochora mwelekeo wa joto la majira ya baridi ya Amerika Kaskazini kutoka 1963 hadi 2012, walipata ramani 30 zisizofanana: katika moja magharibi imepata joto na mashariki imepoa, katika nyingine kinyume chake, katika nyingine bara zima ni jekundu. Wastani wa ramani zote ulionyesha joto kuongezeka karibu kila mahali, na wastani huo ndio unaobaki mchezo wa hewa unapofutana. Historia halisi ya dunia ni kama ramani moja tu katika rundo hilo, na haina wastani wake. Kwa hiyo modeli isiyofanana na kumbukumbu za eneo moja haijathibitika kuwa mbovu kwa sababu hiyo pekee, na inayofanana nazo haijathibitika kuwa nzuri. Kinachofaa kuulizwa ni kama historia halisi inaangukia ndani ya mtawanyiko wa kundi.

Swali hilo lina uzito katika ukanda wa masika. Bradfield Lyon na David DeWitt walionyesha mwaka 2012 kwamba mvua za masika za Afrika Mashariki zilipungua ghafla baada ya 1999, na wakalihusisha jambo hilo na joto la bahari, hasa Pasifiki ya tropiki. Modeli nyingi, kwa upande wao, zinatabiri kwamba masika zitaongezeka karne hii. Mgongano huo unaweza kuwa ni kosa la modeli, au ni mchezo wa asili wa bahari na hewa uliofunika ongezeko kwa muda, na mkulima anayepanga mbegu anaathiriwa na jibu lolote. Kundi kubwa la mirudio huruhusu kuhesabu ni mara ngapi modeli, ikiwa peke yake, huzaa ukame wa masika wa muda mrefu kiasi hicho.

Mbinu yenyewe ina mipaka yake. Kubadilisha hewa peke yake hakugusi kumbukumbu ndefu ya bahari, ndiyo maana kundi la mirudio 100 la Hamburg, lililoelezwa mwaka 2019, lilianzisha kila mrudio kutoka mwaka tofauti wa modeli, bahari ikiwa tofauti tangu mwanzo. Kundi la mirudio 100 lililoendeshwa baadaye kwa ushirikiano wa Boulder na watafiti wa Busan, Korea Kusini, kwa miaka ya 1850 hadi 2100, lilichanganya njia zote mbili. Zaidi ya hayo, kutikisa hali ya mwanzo hakuwezi kufichua sheria iliyoandikwa vibaya ndani ya modeli. Kiasi cha joto ambacho dunia itapata gesi ya ukaa ikiongezeka maradufu, kilichokadiriwa na kamati ya Charney mwaka 1979 kuwa kati ya nyuzi 1.5 na 4.5, hutegemea zaidi jinsi modeli inavyoyatendea mawingu. Mradi wa Oxford uliotumia kompyuta za nyumbani za watu wa kujitolea ulibadilisha sheria za mawingu na hali ya mwanzo kwa pamoja, na mwaka 2005 ukatoa modeli zenye makadirio kutoka nyuzi 1.9 hadi 11.5. Hali ya mwanzo ilikuwa na kazi moja humo: kuhakikisha kwamba tofauti inayohesabiwa kuwa ya mawingu si vurugu za hewa.

Miaka ya karibuni zimekuja modeli zisizotumia milinganyo ya fizikia, zilizojifunza kutokana na kumbukumbu za miongo mingi za hali ya hewa, na ambazo kwa alama za kawaida za utabiri zinalingana na zile za fizikia au kuzishinda. Mwaka 2023 Tobias Selz na George Craig, wa Munich, walizifanyia jaribio la Lorenz. Waliipa modeli ya aina hiyo, Pangu-Weather, mianzo iliyotofautiana kidogo mno. Katika modeli ya fizikia tofauti za namna hiyo hulipuka ndani ya saa chache kupitia mawingu ya mvua, kisha huenea. Katika Pangu-Weather hazikulipuka. Zilikua polepole, kana kwamba hewa ingeweza kutabiriwa bila ukomo ilimradi vipimo viboreshwe. Alama za utabiri hazikuwa zimeonyesha dosari hiyo. Modeli zilizofuata, kama GenCast ya Google DeepMind iliyochapishwa 2024, zimefunzwa kutoa kundi zima la utabiri wa siku 15 badala ya jibu moja, na hupimwa kwa kuangalia kama mtawanyiko wa kundi unalingana na ukubwa wa makosa yake.